Sokwe kwenye njia ya maji: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Bunyoro

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji, walimu, wahudumu wa afya na vijana wa ulinzi wa mashamba katika sehemu ambazo watu na sokwe wanategemea kijito kimoja. Majina ya watu, kijiji na kijito yameondolewa, na mambo madogo yasiyogusa mafunzo yamebadilishwa ili familia husika isitambulike. Kimetokana na mazungumzo na mama wa mtoto aliyejeruhiwa, jirani aliyemwokoa, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), vijana watatu waliokuwa tayari kwenda kuua usiku ule, na askari wa wanyamapori aliyefika kesho yake. Familia ilisomewa maandishi haya ikakubali yatumike.

Mazingira ya kijiji

Kijiji kiko Bunyoro, magharibi mwa Uganda, katika ukanda ulio kati ya msitu wa Budongo na msitu wa Bugoma. Budongo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 825, Bugoma zaidi ya 400, na kila mmoja una sokwe kwa mamia. Nchi nzima inakadiriwa kuwa na sokwe 5,000 hivi. Wengi wao wamo ndani ya hifadhi. Lakini yapo makundi madogo yaliyobaki nje, kwenye mabaki ya msitu yanayofuata vijito mabondeni, na ardhi hiyo si ya serikali. Ni ya familia. Mwenye ardhi anaweza kukata mti wake ili alipe ada ya shule, na wengi wamefanya hivyo: kwanza kuni za kukaushia tumbaku, baadaye mbao, kisha msitu wenyewe ukaondolewa ili kupisha miwa, mahindi na mpunga.

Kundi linalohusika hapa halifikii sokwe ishirini. Wazee wanasema walikuwapo kabla ya nyumba. Wakazi ni mchanganyiko wa Wanyoro, Waalur, Wakiga na watu waliovuka kutoka Kongo, kwa hiyo mikutano ya kijiji huendeshwa kwa Kiswahili, na maneno yote yaliyonukuliwa hapa yalisemwa kwa Kiswahili.

Vitu viwili vya kijiji hiki vinahitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa kila kilichotokea kilizunguka hapo. Cha kwanza ni chemchemi. Iko chini ya bonde, ndani ya kipande cha msitu, na njia ya kuifikia inapita kwenye kichaka kirefu ambamo mtu haoni hatua kumi mbele yake. Juu ya maji kuna mtini mkubwa wa mwituni, na tini zake zikiiva, sokwe hukaa pale kutwa. Cha pili ni mafenesi. Karibu kila boma lina mfenesi mmoja au zaidi, umepandwa karibu na jiko ili watoto wale na mengine yauzwe barabarani. Fenesi lililoiva linanuka mbali, na sokwe hulipasua kwa meno bila shida. Miti ya msituni ilipopungua, mifenesi ya watu ndiyo iliyoziba pengo.

Dalili zilizotangulia

Miezi kadhaa kabla ya tukio, wanawake walikuwa wakileta taarifa ileile. Kulikuwa na dume mmoja mwenye vidole viwili tu vilivyosalia mkono wa kushoto, ambaye alikuwa haondoki njiani akikutana na mwanamke au mtoto. Alikuwa akisimama, nywele zimemsimama, na mara moja alimfuata msichana mpaka ukingo wa shamba la mahindi. Akitokea mwanamume, huyo huyo dume alikuwa akiingia kichakani.

Suala hilo lilifika kwenye mkutano wa kijiji. Wanaume waliokuwa wakimwona akikimbia walijibu kwamba wanawake wana woga. Hakuna aliyeuliza kwa nini mnyama mmoja awe na tabia mbili. Ilhali jambo hili linajulikana kwa watu wanaofuatilia sokwe wanaoishi karibu na vijiji: hutofautisha mwanamume mzima na mwanamke, na mtu mzima na mtoto, na hupima hatari kwa kipimo hicho. Aliyekuwa hamwogopi mtoto alikuwa tayari ameshahesabu.

Vidole vilivyokatika vilikuwa na historia yake pia. Baadhi ya wakulima walikuwa wametega mitego ya chuma yenye meno pembeni mwa mashamba, ile inayobana mguu au mkono. Sokwe akinaswa hujivuta hadi ajing'oe na kuacha sehemu ya mwili, au anakufa kwa kidonda. Juu ya hayo, vijana walikuwa na desturi ya kuwafukuza kutoka kwenye mifenesi kwa mawe na mbwa, nusu kulinda matunda, nusu mchezo. Dume huyo alikuwa ameumizwa na watu na kukimbizwa na mbwa kwa muda mrefu kabla hajamgusa mtu yeyote. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yalikuwa yametanda kwa miezi.

Siku ya tukio

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwishoni mwa kiangazi. Watoto watatu walitumwa maji wakiwa na madumu: msichana wa miaka kumi na mbili, mdogo wake wa kiume, na mtoto wa jirani ambaye hajaanza shule. Mbwa wa nyumbani aliwafuata.

Sokwe walikuwa mtinini juu ya chemchemi. Watoto hawakuwaona kwa sababu walikuwa kimya wakila. Mbwa aliwaona, akabweka na kurukia shina. Sokwe mmoja jike mwenye mtoto mgongoni alipiga kelele, na dume mwenye vidole viwili akashuka haraka. Mbwa alikimbia kurudi kwa watoto, akiwa na dume nyuma yake. Msichana alipiga yowe na kukimbia, mdogo wake akamfuata, na yule mtoto wa jirani akabaki kwenye tope. Dume alimshika mguu, akamburuta hatua chache kuelekea kichakani, akamuuma pajani na mkononi.

Jirani aliyekuwa akipalilia mahindi upande wa juu alisikia yowe. Hakukimbia wala hakurusha jembe. Aliliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akatembea kuelekea kwa dume huku akipaza sauti, na wanawake wengine wawili wakamfuata wakiwa bega kwa bega. Dume alimwachia mtoto na kuingia msituni. Nilipomuuliza kwa nini alitembea, alisema: "Ningekimbia, ningeanguka. Na ningekuwa peke yangu, asingeniogopa."

Walichofanya baada ya hapo kiliokoa maisha ya mtoto. Kidonda cha paja kilikuwa kinatoa damu nyingi. Walikunja kitenge, wakakibana juu ya kidonda kwa mkono na hawakukifunua kutazama. Damu ilipopungua, walimweka kwenye bodaboda katikati ya dereva na mama yake, mkono wa mama ukiwa bado umebana, hadi kituo cha afya. Pale vidonda vilioshwa kwa maji mengi na sabuni, akapewa sindano ya pepopunda, akaanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha akapelekwa hospitali kubwa kushonwa. Mhudumu wa zamu alikataa kukishona papo hapo kidonda cha meno kilichokuwa kirefu, na alikuwa sahihi: kidonda cha namna hiyo kikifungwa mapema, uchafu hubaki ndani.

Usiku ule

Saa mbili usiku vijana zaidi ya thelathini walikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wakiwa na mikuki, mapanga na tochi. Walitaka kuingia bondeni na kuwamaliza sokwe wote.

Mwenyekiti ni mtu mzima asiyependa maneno mengi. Hakuwaambia watulie. Aliwauliza nani kati yao angetangulia gizani kwenye kichaka ambamo mchana hakuna anayeona hatua kumi. Dume mzima ana uzito wa kilo 40 hadi 60, na nguvu za mikono yake zinapita za mwanamume yeyote pale. Akajeruhiwa tu, akabaki hai, kesho nani angepeleka mtoto maji? Kisha akataja sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaweka faini ya hadi shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, kwa anayeua mnyama wa jamii iliyo hatarini kutoweka. "Wanangu," aliwaambia, "mama huyu amebaki na mtoto hospitali. Msimwongezee na kijana gerezani."

Kijana mmoja alijibu kwa uchungu: "Mzee, kwa hiyo sisi ni bure na sokwe ndiye mwenye serikali?"

Swali hilo lilistahili jibu la vitendo, na mwenyekiti alilitoa. Aliwagawa vijana makundi mawili. Moja lilipewa kazi ya kulala kwenye maboma matatu yaliyo karibu na bonde, wakiwa na moto, kwa sababu akina mama waliogopa. Jingine liliambiwa liwe chemchemini jua likishapanda, likate kichaka chote kando ya njia. Mikuki waliyokuja nayo waliishika usiku kucha, lakini kwenye nyua za watu, si msituni. Kulipopambazuka hasira ilikuwa imepata pa kwenda.

Wiki zilizofuata

Uamuzi wa kwanza ulifanywa asubuhi ileile: hakuna mtoto anayekwenda chemchemini bila watu wazima wasiopungua watatu, na mbwa wanafungwa. Kamati ya wanyamapori ya kijiji, iliyokuwa na wanaume watupu, ikapanga saa za kuchota maji: alfajiri saa kumi na mbili, kabla ya watu kwenda shamba.

Wanawake walikataa. Mmoja wao alieleza kwamba sokwe hulala juu ya viota wanavyovijenga upya kila jioni, na kundi hili hupenda kulala mita chache juu ya chemchemi. Alfajiri ndipo wanaposhuka wakiwa na njaa. Jioni ndipo wanaporudi. Jua likiwa kali hupumzika vivulini ndani zaidi. Saa salama, kwa hiyo, ni kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Kamati ilibadili ratiba, na kwa mara ya kwanza wanawake wawili wakaingizwa ndani yake. Naamini hapa ndipo usalama wa kijiji hiki ulipoanzia. Waliokuwa wanakwenda majini kila siku ndio waliojua mnyama yuko wapi na saa ngapi, na miezi yote ile walikuwa hawaulizwi.

Saa hizo zilikuwa na gharama. Wanafunzi hawakuweza tena kuchota baada ya shule, na mzigo ukawarudia mama zao katikati ya palizi. Wanaume wenye baiskeli walikubali kuleta maji kutoka kisima cha pampu cha kijiji cha jirani, madumu manne kwa safari.

Askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA kama inavyoitwa na wote, alifika na kufanya mkutano chini ya mwembe. Ombi la kwanza alilopewa ni kuwahamisha sokwe. Alieleza kwa nini haiwezekani. Sokwe wakipelekwa kwenye msitu wenye kundi lingine, madume wenyeji huwashambulia mpaka wafe. Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, kilichofunguliwa mwaka 1998, kilitengwa kwa ajili ya sokwe yatima walionyang'anywa wafanyabiashara. Kina hekta 40 hivi na sokwe wapatao hamsini, na si mahali pa kupeleka kundi la mwituni. Watu hawakufurahi, lakini walielewa.

Kisha akafundisha namna ya kukutana na sokwe, na akawafanyisha mazoezi watoto wa shule mbele ya wazazi wao. Simama. Usikimbie, kwa kuwa anayekimbia anafukuzwa na mdogo anaachwa nyuma. Mbebe mtoto mdogo kwanza kabla ya kuwaza dumu. Sogeeni pamoja muonekane wengi. Rudini nyuma polepole mkimtazama bila kumkodolea macho, na mwachieni njia ya kuondokea. Msirushe jiwe. Msiingie kati ya mama na mtoto wake. Msile tunda aliloling'ata wala kumtupia chakula, maana magonjwa yanavuka pande zote mbili: mwaka 2013, katika eneo la Kanyawara kwenye msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, virusi vya mafua ya binadamu viliua sokwe watano.

Mjadala mkali zaidi ulikuwa wa mifenesi. Wengine walitaka ikatwe yote. Bibi mmoja mjane mwenye mifenesi sita alisimama akasema kwamba miti hiyo ilisomesha wajukuu wake wawili, na kwamba mwezi ambao mahindi yamekwisha ghalani, fenesi ndilo chakula cha mchana. Baada ya siku mbili walikubaliana hivi: mti unaoinamia jiko au unaogusa njia ya maji ukatwe, miti mingine ya bomani ichumwe matunda yakiwa yamekomaa kabla hayajanuka, iliyo ukingoni mwa msitu iachwe, sokwe wale huko huko.

Familia tano hazikusubiri mkutano uishe. Zilikata kila mfenesi waliokuwa nao.

Kuhusu fidia, nitasema kwa ufupi. Sheria ya mwaka 2019 ilianzisha mpango wa fidia unaotengewa asilimia 2 ya mapato ya UWA. Fomu ilijazwa, ikaambatanishwa na ripoti ya hospitali na picha za vidonda ambazo mhudumu wa afya alikuwa na busara ya kupiga siku ileile. Wakati wa kuandika, dai lilikuwa bado linapitia ngazi zake.

Matokeo

Mtoto alipona. Anatembea, mguu una kovu refu, na mkono haufungi ngumi sawasawa. Mama yake anasema bado hushtuka usiku.

Katika mwaka uliofuata hakuna mtu aliyejeruhiwa na sokwe kijijini. Mwanamke mmoja alifukuzwa hatua chache alipokwenda chemchemini peke yake saa kumi na mbili na nusu jioni. Alisimama kama walivyofundishwa, na dume akapita. Sokwe waliendelea kula mahindi ya pembezoni. Hakuna sokwe aliyeuawa kwa kulipiza kisasi, jambo lisilo dogo kwa mnyama ambaye jike wake huzaa mara moja kila miaka mitano au sita.

Familia tano zilizokata mifenesi yote ziliona jambo ambalo hazikulitegemea. Msimu uliofuata sokwe walikuja palepale, na walipokosa fenesi walivunja migomba, wakapasua mashina na kula moyo wake. Mfenesi ukiliwa unabaki na kuzaa tena. Mgomba uliopasuliwa umekwisha. Familia mbili kati ya hizo zimepanda mifenesi upya, safari hii mbali na jiko.

Kisima cha pampu cha kijiji chenyewe kilichimbwa mwezi wa saba baada ya tukio, kwa fedha za gombolola, yaani serikali ya mtaa inayojumuisha vijiji kadhaa, na michango. Watu waliacha chemchemi kabisa, na msafara wa watu wazima ukafa wenyewe kwa kukosa kazi. Miezi mitatu baadaye pampu iliharibika. Siku ya pili tu, watoto walionekana chemchemini peke yao, jioni.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa maamuzi. Jambo la kumlinda mtoto kesho asubuhi liliamuliwa kabla ya yale ya kubishaniwa kwa wiki nzima, yaani mifenesi, fidia na kuhamisha sokwe. Vijiji vingi huanza na fidia, kwa kuwa ndiyo yenye uchungu, na huku watoto wanaendelea kwenda majini.

Mwenyekiti alifanikiwa usiku ule kwa kuwa hakuidharau hasira ya vijana. Aliwapa kazi inayofanana na walichokuja kukifanya: kukesha, kushika mikuki, kufyeka. Angewaambia tu warudi nyumbani wakalale, nadhani wangeingia msituni kwa njia nyingine. Ila swali la yule kijana lilijibiwa kwa usiku mmoja tu. Hakuna aliyerudi kwao baadaye kuwaeleza dai la fidia limefika wapi, na kila wiki ya ukimya inawarudisha kwenye mikuki yao.

Kufyeka njia kulisaidia kuliko watu walivyodhani. Sokwe na mtu wakionana kwa mbali, mara nyingi kila mmoja huchagua njia yake. Hatari ni kushtukizana, na siku ile kichaka kilificha na mbwa akashtua. Mbwa, kwa maoni yangu, ndiye aliyegeuza mkutano wa kawaida kuwa shambulio, na bado kuna wazazi wanaomtuma mtoto na mbwa wakiamini ni mlinzi.

Lililoshindikana mapema ni kusikiliza. Taarifa kwamba dume haogopi wanawake na watoto ilikuwa onyo kamili, lenye sura ya mnyama, mahali na saa. Ingechukuliwa kwa uzito, kichaka kingefyekwa na watoto wangesindikizwa miezi kabla. Kamati iliyojaa watu wasiochota maji haikuwa na njia ya kujua uzito wa ilichoambiwa.

Mitego ya chuma haikushughulikiwa ipasavyo. Mwenyekiti aliomba iondolewe, baadhi wakaondoa, wengine walikaa kimya, na hakuna aliyepita mashambani kuhakiki. Ni kosa ambalo bado linaendelea. Kila sokwe anayepoteza vidole leo ni mnyama mwenye maumivu atakayekutana na mtoto wa mtu mwakani, na mtego huo huo unaweza kuuma mguu wa mtoto anayefuata mbuzi.

Na kisima. Kilijengwa kama suluhisho la kudumu bila mfuko wa vipuri wala fundi anayejulikana, na ratiba ya kusindikizana ikaachwa kama kwamba hatari ilikuwa imehama. Pampu ikiharibika, chemchemi haina budi kurudiwa. Ratiba ilipaswa kubaki imebandikwa shuleni na kanisani, ikingoja siku hiyo.

Hali ilivyo sasa

Baada ya watoto kuonekana chemchemini, wanawake wa kamati walirudisha ratiba ndani ya siku moja, na kila nyumba sasa inachanga shilingi 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya pampu. Nyumba nyingi zinalipa.

Jambo moja halijaamuliwa. Familia yenye kipande cha msitu juu ya chemchemi imepata mnunuzi wa mbao. Kamati imewaomba waache mtini na miti inayouzunguka, kwa hoja kwamba sokwe wakikosa tini watapanda moja kwa moja kwenye maboma. Familia nayo imeuliza, na ina haki ya kuuliza, nani atawalipa kwa kuuacha mti wao usimame. Mkutano umepangwa baada ya mavuno.